Mlitutangazia giza la uongo, Mwezi ulipopatwa kweli mkawafungia watoto ndani

Wakuu, salaam. Mods naomba msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la dini wala la vituko. Ni malalamiko ya kazi, na nimeyakalia moyoni muda mrefu mno.

Mimi ni mwandishi wa habari za sayansi, nipo hapa Moshi, naandika mambo ya anga kwa Kiswahili. Kituo cha redio ninachokilalamikia sikitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Tuanzie Julai 2025. Ule ujumbe wa WhatsApp mnaukumbuka, kwamba tarehe 2 Agosti dunia nzima itaingia gizani kwa dakika sita. Wakausoma hewani, kipindi cha asubuhi, mara mbili. Nikampigia mhariri saa ile ile. Nikamwambia kaka, Jua hupatwa mwishoni mwa mwezi mwandamo tu, siku ambazo Mwezi hauonekani kabla haujaandama, kwa sababu ndipo unapopita kati yetu na Jua. Tarehe 2 Agosti Mwezi utakuwa nusu. Mzee yeyote anayehesabu mwezi kwa ajili ya funga angekwambia hivyo bila darubini.

Nikamweleza na uvumi ulikotoka. Kupatwa kwa Jua kwa tarehe 2 Agosti kupo kweli, ila ni kwa mwaka 2027. Giza kamili litapita kwenye ukanda mwembamba tu, kuanzia Hispania na Moroko, likatize kaskazini mwa Afrika, lifike Luxor kule Misri ambako litadumu dakika 6 na sekunde 23, kisha Saudi Arabia, Yemen hadi ncha ya Somalia. Mtu kachomoa 2027 kapachika 2025, na ukanda kaufanya dunia nzima. Mhariri akanijibu, "Dada, simu zimepigwa nyingi sana leo." Basi. Hawakukanusha. Tarehe 2 ikapita kama siku nyingine, na hakuna aliyerudi hewani kusema tulikosea.

Sasa njooni Septemba, hapo ndipo damu inaponichemka.

Jumapili ya tarehe 7 Septemba Mwezi ulikuwa unapatwa kweli, kupatwa kamili, na sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa mahali pazuri kabisa. Nikawapelekea makala wiki mbili kabla. Niliandika kila kitu kwa saa zetu: kivuli cha Dunia kinaanza kuumega Mwezi saa 1:27 usiku, unazama wote saa 2:30, unaanza kutoka saa 3:52, unakuwa mzima tena saa 4:56. Nikaeleza kwa nini unakuwa mwekundu: miali ya Jua inapenya kwenye hewa inayoizunguka Dunia, ile ya buluu inatawanyika njiani, nyekundu inapinda na kwenda kuuangukia Mwezi. Ni wekundu ule ule wa machweo, wa kila mahali duniani Jua linapozama na linapochomoza kwa wakati huo, umekusanyika sehemu moja. Na nikaandika sentensi hii, ninayo kwenye simu mpaka leo: tazameni kwa macho yenu, hakuna madhara yoyote, mwanga wa Mwezi uliopatwa ni hafifu kuliko wa Mwezi mpevu wa kawaida.

Wakuu, mnajua walichotangaza? "Mnajimu wa Moshi aonya kuhusu Mwezi wa damu." Mnajimu! Nimemwambia mhariri yule mara ngapi kwamba kwa msikilizaji wa kawaida mnajimu ni yule wa kutabiri bahati kwa nyota, kwamba mimi naandika astronomia, sayansi ya kupima na kuhesabu? Kisha wakaongeza ya kwao: watu wasitazame, watoto wabaki ndani, wajawazito wasitoke hadi asubuhi. Onyo la macho ni la Jua. Walilichukua wakaliweka kwenye Mwezi, na jina langu likasomwa juu yake.

Nilikuwa nimepanga na shule moja ya msingi hapa mjini. Uwanja tumepewa, wanafunzi zaidi ya sitini wamejiandikisha na wazazi wao, darubini yangu ndogo niliyoinunua kwa kulipa kidogo kidogo nimeshaisafisha. Jumamosi jioni mwalimu mkuu ananipigia. Sauti imempungua kabisa. "Mama, wazazi wamenipigia wote, wanasema wewe mwenyewe umeonya redioni." Ningemjibu nini mwalimu yule? Simlaumu hata kidogo. Shughuli ikafutwa.

Nikatoka peke yangu na darubini, nikasimama kiwanjani karibu na nyumbani. Tulifika watu wanane, wawili kati yao bodaboda waliokuwa wanapita. Mawingu yalikuwa yanapitapita, kisha yakaachia upande wa Himo, na Mwezi ukawa pale, rangi ya shaba iliyotoka motoni, na chini yake nukta ya manjano ambayo ni sayari ya Zohali. Bodaboda mmoja alizima pikipiki, akatazama kwenye darubini, akakaa kimya, kisha akampigia mkewe awatoe watoto nje. Mke akakataa. Amesikia redioni.

Watoto wa dada yangu wanakaa Pasua. Waliwekewa pazia. Kesho yake mdogo wao ananiuliza, "Mama mdogo, ulikuwa mwekundu kweli?" Ana miaka sita. Kitu kilikuwa juu ya paa lao kwa zaidi ya saa moja na dakika ishirini, bure, na alichopata ni kusimuliwa.

Waliotoka kuswali swala ya kupatwa kwa Mwezi, hao siwasemi kabisa. Tena walitoka nje, wakauona.

Nilipokwenda kulalamika ofisini nikaambiwa nisijisumbue, haya ni mambo ya Wazungu, watu wanataka burudani. Hili liliniuma kuliko hata ile pesa ya makala ambayo sijalipwa. Wakulima wa pwani walikuwa wanasoma Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kujua msimu, methali ipo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuwaonyesha wanasayansi kwamba Cygnus X-1, chanzo cha eksirei huko angani, huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauchomoki. Jina lile lipo kwenye vitabu vya astronomia ulimwengu mzima, halafu mhariri wa Moshi ananiambia mambo haya si yetu.

Na hofu yangu kubwa ni hii. Tarehe 2 Agosti 2027 inakuja. Arusha na Moshi hatutapata giza, tutaona Jua limemegwa sehemu tu, mchana. Siku hiyo ndiyo onyo la macho litakuwa la kweli. Jua lililomegwa huunguza retina, ule utando wa nyuma ya jicho, kama lililo zima, na retina haina maumivu, mtoto hatajua anaungua. Miwani ya kawaida ya jua haisaidii, filamu ya eksirei haisaidii, beseni la maji halisaidii. Inahitajika miwani maalumu ya kutazamia Jua, kama waliyotumia wengi pale Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipobaki pete, au utoboe tundu dogo kwenye karatasi ngumu, ulipe Jua mgongo, uangalie taswira yake ikianguka kwenye karatasi ya pili. Sasa mzazi aliyeambiwa Mwezi unapofua macho, kisha akasikia kwa jirani kwamba waliotazama hawakupata kitu, mwaka huo atamwamini nani?

Nataka kituo kile kirudi hewani, kipindi kile kile cha asubuhi, kiseme mambo mawili: giza la dakika sita lilikuwa uongo, na onyo la Mwezi halikuwa langu.

Walimu wa Moshi na Arusha wenye uwanja usio na taa nyingi, niandikieni hapa chini. Darubini naleta mwenyewe, sitozi kitu.

Nyongeza, saa 5 usiku: kuna aliyeniuliza kama nitawapelekea makala ya 2027. Nimeshaiandika. Namba yangu wanayo. Kichwa cha habari hakibadilishwi, na neno mnajimu halimo.