Kikundi cha ukoo: Safari ya Bagamoyo Jumamosi

*Alhamisi*

07:41 Zai: Assalaam aleikum wanaukoo. Jamani leo naomba nisikilizwe maana tangu Jumatatu naongea na ukuta. Tuma wetu anapanda jukwaani na sarakasi yake Jumamosi usiku pale TaSUBa, kile Chuo cha Sanaa, kwenye tamasha. Kosta nimeshaongea na dereva, siti 26, tunaondoka Makumbusho saa 8 mchana, kila kichwa 15,000 kwenda na kurudi. Waliotuma mpaka sasa wanne. WANNE. Na humu tumo watu 31

07:43 Zai: Namba ya kutuma ni ileile ya msiba wa Babu

07:58 Kassim: Waaleikum salaam. Msiba tena asubuhi yote hii 😂

07:59 Zai: Baba Salma uko hapa sebuleni, usinijibu kwenye simu

10:26 Mudi: Shangazi shikamoo. Hiyo sarakasi ni ile ya mahotelini? Kupita chini ya fimbo ya moto, kulala juu ya chupa, halafu wanapitisha kofia?

10:31 Zai: Marahaba. Hemedi mwambie mwenzio, wewe uko hukohuko

11:15 Hemedi: Hapana binamu, hii ni nyingine kabisa. Jana niliingia kwenye mazoezi yao ya mwisho nikakaa mpaka saa 5 usiku na leo nimeamka bado naiona. Hakuna mtangazaji, hakuna mnyama, hakuna yule mtu wa kusema makofi tafadhali. Taa zinazimwa unasikia ngoma moja tu chinichini, halafu wanatokea wanaume wanne wanavuta kamba kama wavuvi wanavuta nyavu, ile kamba inakuja inakuja, kumbe mwisho wake ndio kitambaa chekundu na Tuma kajiviringisha ndani, wanampandisha mpaka karibu na paa. Ni hadithi ya mwanamke anayemngoja mtu wa baharini asiyerudi. Hawasemi hata neno moja saa nzima na unaelewa kila kitu

11:17 Hemedi: Kuna mmoja anapanga viti juu ya viti, anapanda navyo mpaka cha sita, anasimama kwa mikono kichwa chini anaangalia baharini kama vile anatafuta jahazi. Sasa Tuma kule juu anajifunga kitambaa mapajani mara mbili, kiunoni mara moja, nilihesabu, halafu anaachia mikono. Anashuka anazunguka kama pia unasema basi mtoto kaisha, anasimama ghafla kichwa chini, nywele zinagusa sakafu. Kisigino cha kulia kina plasta. Wanafunzi waliokuwa nyuma yangu walipiga yowe mpaka mpiga ngoma akasahau kupiga

11:18 Hemedi: Na mimi nililia, siwafichi

11:24 Kassim: Mimi nikipanda hicho kitambaa kitakachoshuka ni paa

11:25 Mudi: 😂😂😂😂 shemeji

11:25 Asha: 😂😂 na ngoma na viti vyote

11:29 Mudi: Ila Bagamoyo kuna pweza bwana. Hemedi yule mzee wa pweza wa pale ufukweni bado yupo?

11:30 Hemedi: Yupo, na kamba wa kukaanga pia

11:32 Kassim: Sasa ndio mnaongea. Mama Salma niandike siti mbili

11:33 Zai: Jamani PESA. Pweza baadaye. Dereva anataka nusu kesho jioni

14:50 Kaka Mkubwa: Nawasoma tu tangu asubuhi. Mtoto wa kike ananing'inia darini na nguo za kubana mbele za watu, na sisi tukodi gari twende kumpigia makofi. Baba yake alianza hivihivi

14:52 Zai: Kaka tusianze

14:55 Kaka Mkubwa: Sianzi. Nakumbusha. Mgongo wa Shomari ulitibiwa na nani? Kiwanja cha Mbagala kilikwenda wapi?

15:20 Asha: *Ujumbe huu umefutwa*

15:21 Mudi: Asha nimeusoma kabla hujafuta 👀

15:34 Asha: Basi naandika upya kwa adabu. Bamkubwa shikamoo. Baba mdogo Shomari hakuokotwa barabarani, alisoma pale Chuo cha Sanaa, chuo cha serikali, kimeanza 1981. Na sarakasi nchi hii ilikuwepo hata kabla yake, vijana walipelekwa China miaka ya 60 kwenda kujifunza, ilikuwa heshima. Halafu 2024 Ramadhani Brothers waliposhinda kule Marekani kwenye America's Got Talent: Fantasy League, dola 250,000, ni wewe bamkubwa uliyeweka ile video humu mara tatu ukaandika VIJANA WETU. Sasa wa wenzetu ni vijana wetu, wa nyumbani kwetu ndio aibu? Mimi inaniuma

15:36 Mudi: Mmh

16:41 Kaka Mkubwa: Marahaba. Wale wana watu wa kuwasimamia na wana bima. Shomari hakuwa na kitu. Ile hoteli ilimpa nauli ya basi. Nauli. Wewe Asha hujazaliwa, mimi ndiye niliyempokea pale stendi, nikamshusha mgongoni kwangu kama gunia na alikuwa anauma shati langu asipige kelele. Msiniambie aibu. Sijasema aibu

16:42 Kaka Mkubwa: Kiwanja nilikubali kiuzwe. Nilichotaka ni mtu aseme asante

*Ijumaa*

08:05 Zai: Assalaam aleikum. Waliolipa mpaka sasa tisa. Nawaombeni

08:40 Kassim: Mimi nimelipa?

08:40 Zai: Hujalipa

12:17 Bibi (simu ya Neema): 🎤 *Ujumbe wa sauti 2:08*

12:31 Bibi (simu ya Neema): Hapa ni Neema. Bibi anasema niwaandikie kama alivyosema kwa sababu sauti zake hamsikilizi mpaka mwisho. Nanukuu. "Nimesomewa yote. Shomari aliponiaga kwenda chuoni sikumpa mkono. Miaka yote aliyocheza sikwenda kumtazama hata siku moja, nilisema ipo siku ataacha, nitamwona akiwa ameacha. Akaletwa ameanguka. Mimi mama yake sijui mwanangu alikuwa anachezaje, wanaojua ni wazungu wa hoteli. Huyu mjukuu nitamtazama kwa macho yangu haya yaliyobaki. Wewe mwanangu mkubwa ahsante ya kiwanja nakupa mimi, nimechelewa. Na wewe ndiye utakayenishika mkono kuingia. Nimemaliza."

12:33 Bibi (simu ya Neema): Amesema nisiongeze kitu

17:20 Zai: Amin mama. Tumekusikia

17:22 Asha: Shikamoo bibi. Nakupenda sana

17:48 Kassim: Shikamoo mama. Nimetuma ya watu wawili sasa hivi

17:50 Zai: Imeingia. Sasa kuna jambo, onyesho ni saa 2 usiku na mnajua tamasha, saa 2 inaweza kuwa saa 3 na nusu. Mama hawezi kurudi Dar saa 7 usiku kwenye Kosta. Hemedi una vyumba vingapi

18:06 Hemedi: Viwili. Bibi atalala chumbani kwangu, wengine mikeka. Sio watu 26 lakini

18:09 Mudi: Mimi nalala kwa mzee wa pweza

18:10 Zai: Mudi hujalipa, usichangie mada

21:02 Kaka Mkubwa: Pale mlangoni kuna ngazi ngapi?

21:14 Hemedi: Bamkubwa nitakwenda kuangalia asubuhi, na nitauliza kama kuna mlango wa pembeni

23:38 Shomari: Shikamoo mama. Shikamoo kaka. Wadogo zangu na wanangu salaam. Nimechelewa kujibu, simu naacha kwenye begi. Mimi niko huku tangu Jumapili. Ukumbi sio ule tuliochezea sisi, ule uliungua 2002, huu ni mkubwa na paa liko juu sana ndio maana nilikuja mapema. Kamba na kapi nafunga mimi. Kila usiku wakimaliza natundika magunia mawili ya mchanga pale anaponing'inia Tuma, jumla kilo 100, yanalala hapo mpaka asubuhi. Mtoto ana kilo 52. Asubuhi napitisha vidole kwenye kitambaa chote kutoka juu mpaka chini natafuta uzi uliochomoka, nikikuta hata mmoja hapandi mtu

23:44 Shomari: Mama asikae mbele kabisa, shingo itamuuma kutazama juu. Akae safu ya saba kushoto. Tuma akiachia mikono anakuwa ameelekea upande huo

23:45 Shomari: Kaka ahsante. Lile shati nalikumbuka, lilikuwa la mistari

*Jumamosi*

06:12 Zai: Nimesoma nikashindwa kulala. Assalaam aleikum. Waliolipa kumi na nne. Dereva anasema siti 26 ni siti 26, zisipojaa tunazilipia hivyohivyo, nani anaongeza?

06:30 Asha: Naongeza 20,000

07:05 Mudi: Shangazi natoka kazini saa 9. Mnaweza kunisubiri Bunju?

07:06 Zai: Lipa kwanza ndio tujadili Bunju

08:19 Kaka Mkubwa: Mama anakuja na gari langu. Asha na Neema mtakaa naye nyuma. Tunatoka saa 7 tusikutane na foleni

08:21 Zai: Sasa kaka ukichukua wawili Kosta imebaki na watu wangapi?

08:22 Zai: Kaka?

10:47 Rama Dodoma: Wakuu shikamooni, nilikuwa sina bando wiki nzima. Nimeona mambo ya Bagamoyo, ni Jumamosi ipi hiyo?

10:48 Zai: LEO