AMEWAOSHA! Minyoo wangu wa bahari, chambo changu cha kuvulia, kwa maji ya mfereji!

MshipiMrefu (mwenye uzi huu jukwaani), Ijumaa saa 2:14 usiku

Naandika mikono ikitetemeka. Sitamtaja. Kila mtu humu anamjua, ni yule anayefunga kila uzi kwa "mimi nimevua tangu nikiwa mtoto". Leo jioni amekuja kwangu tungoje gari pamoja, tuteremke Mombasa usiku huu. Nimeingia kuoga dakika kumi. DAKIKA KUMI! Natoka, namkuta kwenye sinki, kashika chujio ninalochujia tui, mfereji kaufungua wote, anawasuuza minyoo wangu kama mchele wa pilau.

Akageuka, akaniambia: "Nimekuoshea. Walikuwa na tope."

Walikuwa na tope! Mnyoo niliyemtoa kwenye tope la mikoko! Alitaka wawe na nini, poda?

Minyoo 62, jamani. Jumamosi iliyopita ilikuwa bamvua, maji yakapwa mbali kule Mtwapa, nikachimba hadi kiuno kikakataa. Kesho ni maji mafu. Maji mafu hayapwi vya kutosha, pale nilipochimba panabaki chini ya maji, ndiyo maana nilichimba mapema nikapanda nao Nairobi. Wiki nzima nimewalea. Sinia pana lisilo na kina, gazeti chini linywe unyevu wa ziada, kitambaa juu kilicholowa maji ya bahari niliyobeba mwenyewe kwenye mtungi wa lita 20. Kila asubuhi kabla ya kazi nawapitia mmoja mmoja. Aliyekatika namtoa, aliyelegea namtoa, maana mmoja akioza anawaozesha wote. Nabadilisha gazeti. Sikuwafungia kwenye mfuko wa plastiki, wanataka hewa. Friza sikuwagusisha kabisa. Baridi hii ya Julai mnayoilia nyinyi ndiyo ilikuwa friji yangu, sinia sakafuni karibu na mlango wa jikoni, jua haliwaoni. Hadi asubuhi ya leo walikuwa wazima, ukimgusa mmoja anajikunja.

Halafu "nimekuoshea".

Mnyoo wa bahari ana chumvi mwilini. Ukimtia kwenye maji yasiyo na chumvi, maji yanamwingia, anavimba. Nilimweka mmoja kwenye kiganja. Vile vijiguu vya ubavuni, vinavyokwenda kama makasia, vilikuwa vimelala vyote upande mmoja. Ule wekundu umemtoka, amekuwa rangi ya maji yaliyochemshiwa kunde. Wengine walishapasuka ndani ya chujio. Naye amesimama pale ananipangusia sinki!

"Nimekuoshea." Kama mtu aliyenifulia shati.

NdoanoKumi

Mimi simshangai HUYO. Mwenzangu aliwakata minyoo vipande usiku wa kuamkia safari, ati tusipoteze wakati ufukweni. Mnyoo aliyekatwa anavuja, na ule uvujaji ndio unaoharibu wenzake. Kufika Voi tulikuwa tumefungua madirisha yote ya gari. Na bado alilala, akakoroma!

MamaWaChangu

Wanaume wa kuvua nyinyi hamna aibu. Wangu alihifadhi wake kwenye friji, sawa, lakini ndani ya MKEBE WA SIAGI. Saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanangoja mkate, nafungua mkebe na kisu mkononi. Mmoja akainua kichwa. Majirani walidhani tumevamiwa. Kwa hivyo huyo aliyewaosha, mimi namuunga mkono. Angewaosha na sabuni.

MshipiMrefu

Mama, pole kwa mkebe, hilo ni kosa la mzee nyumbani, angeandika juu yake. Lakini wake walikuwa HAI. Wangu wameoshwa. Kwa CHUJIO LANGU LA TUI.

MtuWaBamvua

Yakhe, wallahi nimecheka mpaka chai imenipanda puani. Wewe wachimba Mtwapa, wawapandisha minyoo Nairobi, kilomita mia nne na ushee, halafu wawateremsha tena pwani kuja kuvulia pale pale? Hata mjomba wangu hajasafiri hivyo. Kwani ngisi wamekwisha sokoni? Kipande cha ngisi kigumu, hakitoki kwenye ndoano, na hakitaki kulelewa.

MshipiMrefu

Ngisi najua. Ngisi ni wa chewa na kolekole. Mimi nilikuwa nataka samaki changu, na changu wa ufukweni akinusa mnyoo hai hafikirii mara mbili. Na ningemwachia nani huko? Wewe mwenyewe mwaka jana nilikuachia kumi na tano, ukaniambia wametoroka.

MtuWaBamvua

Walitoroka kweli. Hukufunika sinia.

RodiMpya

Swali la mgeni. Si ungewatia chumvi haraka wakafufuka? Chumvi ya jikoni ipo.

MshipiMrefu

Mdogo wangu, maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita, hiyo ungeiweka KABLA, si juu ya maiti. Na chumvi kavu ukimmwagia mnyoo unamkausha. Kuna watu wanawakausha hivyo makusudi wawatumie baadaye, ni chambo cha dharura, lakini hao huwa wazima wanapoanza, si waliopasuka kwenye chujio.

Nilimuuliza kwa nini hakubisha mlango wa bafu aniulize. Amesema hakutaka kunisumbua.

Kolekole254

Pole sana ndugu. Lakini mimi nimekwama hapo juu. Umeoga dakika kumi, NA mfereji wa jikoni umefunguliwa wote, wakati mmoja, Ijumaa jioni, Nairobi hii? Unaishi wapi wewe?

NdoanoKumi

Hata mimi nimesoma hapo nikarudi nyuma. Sisi Kasarani mfereji ni pambo tu.

MshipiMrefu

Ploti ina kisima. Tuendelee na minyoo tafadhali.

Kolekole254

Ana KISIMA! Mimi wiki ya tatu hii napanda na mitungi hadi ghorofa ya tano. Keateka, yule mwangalizi wa ploti, anafungua saa tisa usiku, nusu saa, bila kumwambia mtu. Ukilala umekosa. Juzi nimeamka nikakuta foleni ya ndoo imefika hadi langoni, na ndoo ya kwanza ni yake yeye mwenyewe.

MamaWaChangu

Heri wako anafungua. Wetu anauza. Mtungi shilingi 30, na ukisema kitu anakuambia mkokoteni ni 50, chagua.

MshipiMrefu

Jamani. Minyoo sitini na wawili. Gari linafika saa tatu na yeye ameketi sebuleni kwangu anakunywa chai. Nimsafirishe na mimi au nimwache?

RodiMpya

Tena chai umemchujia na lile chujio?

NdoanoKumi

@Kolekole254 huyo keateka wako ana nduguye Githurai? Maana wa shemeji yangu ni vivyo hivyo, saa tisa usiku, na ndoo yake ya kwanza.

MtuWaBamvua

Nyie njooni mkae pwani. Huku maji ya visima yana chumvi, minyoo wangeishi.

MamaWaChangu

Na chai je, mnapikia hayo hayo?

MtuWaBamvua

Twanunua ya mitungi, kama nyie.

Kolekole254

Wapangaji wameniambia tuchange boza, lori la maji, Jumapili, ghorofa nzima, tujaze matangi yetu wenyewe. Kuna mtu ana namba ya boza linalofika upande wa Roysambu? Lile la mwisho lilitujazia maji yenye povu.

NdoanoKumi

Nakutumia inboksi. Mpigie kabla ya saa mbili asubuhi, baadaye hashiki.