Mrejesho: sauti za mbu na mvumo wa umeme

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza hapa: narekodi sauti ya mabawa ya mbu wa Anopheles kwa tasnifu yangu ya uzamili, lakini kila rekodi ina mvumo wa umeme wa Hz 50, na vigawe vyake (100, 150, hadi 500 na zaidi) vinaangukia palepale mbu jike anapolia. Nimerudi kushukuru.

Kuweka chujio kwenye kila kigawe kuliniharibia kazi. Chujio la Hz 450 na la 500 lilikula mvumo pamoja na mbu. Aliyeniokoa ni yule dada aliyesema niache kutibu rekodi, nitibu chumba. Nilichomoa chaja, nikatumia betri, nikazima taa za tyubu. Mvumo ukatoweka karibu wote. Mungu ambariki sana.

Dirisha la Fourier (kipande cha sauti kinachochanganuliwa kwa mkupuo mmoja ili kupata masafa yake, yaani mitetemo kwa sekunde) nimelirefusha kutoka sampuli 256 hadi 1,024. Kwa sampuli 8,000 kwa sekunde, hatua kati ya masafa yanayopimwa zimeshuka kutoka Hz 31 hadi karibu 8, na sasa dume, mwenye mabawa ya kasi zaidi, anatengana na jike waziwazi.

Kilichokwama ni kutofautisha spishi mbili za Anopheles zinazofanana, gambiae na arabiensis. Masafa yao yanaingiliana mno, na joto likipanda mbu yuleyule huongeza kasi. Hao nimewarudisha kwenye PCR (kipimo cha DNA cha maabara), na msimamizi wangu ameridhia. Atakayerekodi baada yangu aandike joto la chumba tangu siku ya kwanza. Mimi nilianza wiki ya tatu, na rekodi za mwanzo sizitumii.