CP2000, nyumba niliyouza Columbus, na uchakavu ambao sikuudai

Baba Pacha, Columbus:

Wakubwa shikamooni, wengine habarini. Jana natoka zamu ya usiku nakuta bahasha nene kwenye sanduku la barua: CP2000, ile barua ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ya kusema ritani yako hailingani na taarifa walizo nazo. Ile nyumba niliyouza Machi 2023, 1099-S (taarifa ya mauzo ya nyumba) ilikwenda kwao, mimi kwenye ritani, fomu yangu ya kodi ya mwaka, sikuiandika popote. Sasa wamechukua dola 248,000 zote za mauzo wakazihesabu faida tupu, utadhani nyumba niliiokota njiani. Mtu wa kodi niliyekuwa naye aliniambia nyumba uliyowahi kuishi haitozwi. Leo simu yake haipatikani.

Nilinunua Januari 2016 kwa 165,000, nikakaa mpaka Desemba 2017, Januari 2018 nikaweka mpangaji. Uchakavu, yaani yale makato ya kila mwaka kwa nyumba ya kupangisha kuchakaa, sijadai hata senti. Barua inataka jibu ndani ya siku 30, na posta imeshakula 8. Swali langu ni moja tu: kuomba muda zaidi, mnapiga ile namba iliyo juu ya barua au mnatuma faksi?

Mama Neema, Minneapolis:

Pole sana kaka. Usisaini pale kwenye "nakubali"! Hawajui ulinunua kwa bei gani, ndiyo maana wamehesabu yote. Wapelekee karatasi za kufungia ununuzi, na fomu 4797 ya kuonyesha mauzo ya nyumba ya kupangisha. Ila ule msamaha wa kodi kwa faida ya mpaka 250,000 ukiuza nyumba unayoishi, huo sahau. Unataka uwe umeishi humo miaka 2 kati ya 5 ya mwisho kabla ya kuuza. Ungeuza kabla 2020 haijaisha ungeupata.

Msafiri, Dallas:

Rahisi tu. 248 toa 165, lipa kodi ya 83. Uchakavu hukudai, kwa hiyo hakuna cha kukudai wao.

Mzee wa Aurora:

Msafiri, usipotoshe watu, kuna wanaosoma humu na kwenda kujaza. Sheria inahesabu uchakavu uliodai AU uliostahili kudai. Ulale usilale, nyumba imechakaa kwenye vitabu vyao.

Baba Pacha, chukua 165,000, toa ardhi, kwa kuwa ardhi haichakai. Kama bili ya kaunti inasema ardhi ni asilimia 20, hiyo ni 33,000. Nyumba 132,000, gawa kwa miaka 27.5, unapata 4,800 kwa mwaka. Mwezi wa kuanza na wa kuuza unahesabiwa nusu. 2018 ni 4,600, miaka minne inayofuata 19,200, na 2023 ni 1,000. Jumla 24,800. Hiyo inatolewa kwenye bei yako ya kununulia, na sehemu hiyo ya faida inatozwa mpaka asilimia 25.

Mimi yalinikuta kwenye duplex, nyumba ya familia mbili. Miaka tisa sikudai, nikijiona mjanja kwamba siku ya kuuza sitasumbuliwa. Nilikosa kuku na mayai.

Msafiri, Dallas:

Sawa mzee, basi afanye 1040-X, fomu za kurekebisha ritani, za miaka yote adai uchakavu wake. Tatizo liko wapi?

Mzee wa Aurora:

Liko hapo hapo. 1040-X inarudi miaka 3. Aliyeruka miaka mingi hivyo anajaza 3115, fomu ya kubadili namna ya kuhesabu, anachukua uchakavu wote uliorukwa kwa mkupuo, kwenye ritani ya mwaka aliouza. Hata kama ritani ilishakwenda, anaweza kuiambatanisha na marekebisho ya mwaka huo muda ukiwa haujapita. Na asilimia 25 nimesema MPAKA. Kama ngazi yake ya kodi ni asilimia 22, ni 22.

Mama Neema, Minneapolis:

Mzee yuko sahihi, ila amesahau paa. Kaka, hukubadilisha paa? Paa jipya si matengenezo, linaongeza gharama ya nyumba na lina miaka 27.5 yake tangu siku lilipowekwa. Bomba lililovuja unatoa mwaka huo huo. Friji na jiko miaka 5, uzio 15. Tunza risiti jamani.

Mimi shida yangu nyingine. Nadai uchakavu kila mwaka, lakini ovataimu za hospitali zinanipandisha juu ya 150,000, basi ile hasara ya nyumba ya kupangisha, ya mpaka 25,000, siruhusiwi kuitoa kwenye mshahara. Imelala tu kwenye fomu 8582. Wanasema itafunguka siku nikiuza.

Nyar Kisumu, Seattle:

Sasa sisi wenye nyumba za nyumbani? Yangu ya Kisumu ina mpangaji tangu 2019.

Mzee wa Aurora:

Ya nje ya Marekani ni miaka 30. Iliyoanza kupangishwa kabla ya 2018 ni 40.

Nyar Kisumu, Seattle:

Asante mzee. Na risiti je? Nilimwomba ndugu yangu risiti za mabati, akanitumia picha ya karatasi ya daftari: "mabati 60, misumari, lori, chakula cha fundi, soda". Soda imepigiwa mstari mara mbili. Nikaikuza ile picha nikaona pembeni mti wa maembe aliopanda mama, umeshapita dirisha. Uchakavu nikausahau kabisa, nikakaa jikoni nalia.

Mswahili wa Tanga, Houston:

Usilie dada. Na huko nyumbani kodi unalipa?

Nyar Kisumu, Seattle:

Kodi gani, ya mpangaji au ya serikali?

Mswahili wa Tanga, Houston:

Ya serikali! Ya mpangaji sisi tunaita pango.

Msafiri, Dallas:

Kenya kodi ya pango ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, ilikuwa 10. Inapigwa kwa pato ghafi, mabati yako hayawahusu.

Mzee wa Aurora:

Hiyo ni ya mkaazi, Msafiri. Asiye mkaazi ni 30. Aliyelipa kule anajaza fomu 1116 huku asitozwe mara mbili.

Mswahili wa Tanga, Houston:

Angalau nyie Wakenya mna uraia pacha tangu katiba ya 2010. Mimi nikichukua pasi ya huku, uraia wa Tanzania naupoteza, kwa babu naingia kama mgeni. Halafu kila uchaguzi wanakuja kutupigia makofi: "diaspora, leteni fedha nyumbani".

Msafiri, Dallas:

Siasa tena. Admin yuko wapi?

Mama Neema, Minneapolis:

Mwache aseme, ni kweli tupu.

Baba Pacha, Columbus:

Asanteni wote. Paa nilibadilisha 2020, risiti ninayo. Mzee, hiyo 3115 nitamtafuta mtu anayeijua. Ila zimebaki siku 21. Ni simu au faksi?

Nyar Kisumu, Seattle:

Mzee, na ukuta wa kuzunguka nyumba nao ni miaka 15 kama uzio, au kwa nyumba ya nje ya Marekani ni tofauti?

Mzee wa Aurora:

Nyumba ya nje ni tofauti. Naingia kazini, nitaandika usiku.