Bima ya afya inalipa mashine, hailipi mazoezi. Sisi wa fiziotherapia tumechoka

Wakuu, habari za mchana. Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite tu.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, nilisoma Moshi, sasa niko kwenye kituo binafsi hapa Dar. Leo asubuhi mhasibu kaniletea rundo la madai yaliyokatwa na bima moja. Jina sitaji, na msianze kubashiri. Sababu ni ileile karatasi baada ya karatasi: tiba haikuainishwa. Mimi nilikuwa nimeandika mazoezi ya kuimarisha misuli ya mgongo na nyonga, kumfundisha mgonjwa anavyopaswa kuinama na kubeba, na mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani. Kwao hiyo siyo tiba. Mwenzangu wa chumba cha pili anamlaza mtu chini ya taa ya joto robo saa, anambandika nyaya za umeme, kwaheri, njoo keshokutwa. Huyo kalipwa mpaka shilingi ya mwisho.

Tena simlaumu. Ana watoto wanasoma.

Fomu yenyewe ndiyo inayotufundisha kazi. Ina kisanduku cha joto, kisanduku cha umeme, kisanduku cha ultrasaundi (siyo ile ya kupiga picha wajawazito, ni ile ya kutibu kwa mawimbi ya sauti), kisanduku cha kuvuta mgongo kwa mashine. Mazoezi yana mstari mmoja chini kabisa, na bei yake ni ya aibu. Kukaa na mgonjwa ukamsikiliza, ukamtoa hofu, ukamwonyesha mwili wake unavyofanya kazi, hakuna pa kuandika. Kwa hiyo ukitaka kituo kiishi, weka tiki kwenye mashine.

Sasa nisikilizeni hapa ndipo hasira zangu zilipo. Desemba 2023 WHO, Shirika la Afya Duniani, walitoa mwongozo wao wa kutibu maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini kwa watu wazima. Wamependekeza elimu kwa mgonjwa na programu ya mazoezi, pamoja na tiba ya kutumia mikono, msaada wa kisaikolojia na baadhi ya dawa za maumivu. Wakataja pia vitu ambavyo visitolewe kama tiba ya kawaida: kuvuta mgongo kwa mashine, ultrasaundi, mashine ya umeme mdogo, mikanda ya mgongo, na dawa kali za jamii ya morfini. Chukua orodha hiyo uilinganishe na visanduku vya ile fomu. Vinavyokataliwa ndivyo vinavyolipwa! WHO hao hao wanasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu hayo. Siyo ugonjwa wa wachache huu, nusu ya foleni yangu kila siku ni mgongo.

Halafu picha. Dereva wa daladala anaumwa mgongo, anaambiwa akapige MRI, ile picha ya mashine kubwa ya sumaku, kabla hata mtu hajamgusa. Bima inalipa hiyo picha bila kelele, na bei yake ingenilipa mimi kukaa naye wiki nyingi tu. Majibu yanatoka: diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, imevimba. Mtu anaacha kuinama, anaacha kazi, analala, anaanza kuulizia operesheni India. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 33 uliokusanya picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye umri wa miaka 20, asilimia 30 diski zao zilikuwa zimetuna. Wenye miaka 80, asilimia 84. Hawaumwi! Yaani ukiwapiga picha abiria wote wa lile daladala utakuta diski za kutosha, na wameshuka kituoni wanatembea wenyewe. Picha ina kazi yake pale mtu ana ganzi sehemu za siri, mkojo umemshinda, mguu unakufa nguvu, ana homa na anakonda, au kaanguka kutoka juu. Huyo akimbizwe hospitali leo leo. Wengine wengi hawahitaji picha, wanahitaji mtu wa kuwaambia mgongo wao haujavunjika na kuwarudisha kazini polepole.

Magoti nisiguse sana maana nitatukana. "Ute umeisha." Nani aliwaletea neno hili watu wetu? Kila mama mwenye miaka 55 anayekuja kwangu ameshaambiwa ute wa magoti umeisha na ameshauziwa kopo la kuurudisha, lingine linauzwa bei kuliko kodi yake ya chumba. Goti lililosagika linataka paja lenye nguvu, kutembea, na kupunguza uzito kama upo. Houston, Marekani, mwaka 2002, madaktari waliwagawa wagonjwa 180 wa magoti ya namna hiyo. Wengine wakasafishwa goti kwa kamera, wengine wakachanwa ngozi tu wakashonwa bila goti kuguswa. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maumivu. Hiyo ni operesheni, wakuu, tena iliyokuwa inafanywa kila siku. Sembuse kopo la mtandaoni.

Lakini wanaoniumiza kuliko wote ni wa kiharusi. Mzee kapooza upande mmoja, ubongo wake unajifunza upya kwa kurudia: kushika kikombe, kuinuka kitini, kupiga hatua, tena na tena, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Ndipo kibali cha bima kinapoisha. Mahudhurio yake yamekwisha, aombe upya, barua iende, ijibiwe baada ya muda wake. Anaporudi mkono umeshakakamaa na bega linauma. Halafu bima hiyohiyo italipa kulazwa kwa vidonda vya mgongo na nimonia, kwa sababu mzee amekuwa wa kitandani. Nani anawapigia hesabu hawa watu?

Na madaktari wangu wapendwa, nanyi. Mnaniandikia "fiziotherapia mara 10, joto na umeme" kama mtu anayeagiza chipsi mayai. Mimi nimesomea kumpima mgonjwa. Andika tatizo, andika unachokihofia, niachie tiba. Hatujawahi kuwaandikia ninyi miligramu.

Wagonjwa nao wana lao. Usipomwekea mashine anakwambia hujamtibu. Wapo wanaosema "mbona hujanichua?" wakati ametoka kuinuka kitini mwenyewe bila kushikwa. Ila huyo namwelewa, kila kituo alichopita kimemzoesha hivyo.

Najua watu wa bima watakuja hapa kusema mazoezi hayaonekani, tukilipa mazoezi vituo vitatuibia. Wizi upo, sibishi, watu wanasaini hudhurio ambalo mgonjwa hakuja. Lakini mashine ndiyo inazuia wizi? Kuweka tiki kwenye umeme kunahitaji kalamu tu. Mkitaka kuona kazi, pimeni matokeo. Mgonjwa anainuka kitini mara ngapi kwa sekunde 30, anatembea mita ngapi kwa dakika 6, anachukua sekunde ngapi kuinuka, kwenda mita 3, kugeuka na kurudi kukaa. Vipimo hivi vinajulikana dunia nzima, vinahitaji kiti, futi ya kupimia na saa ya simu. Nipimeni siku ya kwanza na siku ya mwisho. Nisipomsogeza mgonjwa, kateni madai, sitaandika uzi.

Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Sote tunakumbuka pia Machi 2024 vituo binafsi vilivyogomea kitita kipya (orodha ya huduma na bei zake) cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na kelele zote zilikuwa za dawa, vipimo na ada ya kumwona daktari. Katika mjadala ule wote sikusikia mtu akiuliza bima hizi zinalipaje kumrudisha mtu kwenye miguu yake.

Nina maswali mawili tu kwa yeyote humu anayefanya kazi kitengo cha madai, bima yoyote ile. Fomu ya fiziotherapia iliandikwa na nani, na mara ya mwisho ilipitiwa lini? Kama kuna mtu wa fani yetu aliyekaa kwenye hicho kikao aje ajitokeze, hata PM, nataka kuongea naye. Na wenzangu wa mikoani, wekeni hapa sababu mnazokatiwa madai, fichani majina ya wagonjwa. Nakusanya, nitazipeleka kwa maandishi.

Wa "mbona hujanichua" msinitag.