Ludo King, Candy Crush au 8 Ball Pool: gemu ipi ya bure inafaa familia iliyotawanyika?

Mtoto_wa_Chumbageni
Wakuu, habari za humu. Tumezaliwa watano: wawili wako Tanga na mama, mmoja Muscat, mmoja Minneapolis, mimi Dar. Kundi letu la WhatsApp limebaki la salamu za Ijumaa na taarifa za misiba. Natafuta gemu moja ya bure tucheze pamoja, mama naye awemo. Hizo tatu nimezijaribu, nashindwa kuamua. Na hilo neno "bure" nimeanza kulitilia shaka.

BiMkulima
Mimi nililima FarmVille, ile gemu ya shamba ya Facebook, tangu 2009, mwaka ilipoanza. Ukipanda stroberi zinaiva baada ya saa nne, ukichelewa zinanyauka. Nilikuwa nategesha alamu saa kumi alfajiri nikavune, kisha nashindwa kuamka kwenda kazini. Ukitaka kujenga banda, lazima marafiki wakutumie misumari na mbao, kwa hiyo unawasumbua watu ambao hata salamu huwapi. Lakini nisiseme uongo: dada yangu alikuwa Uingereza, na mwaka ule tuliwasiliana kuliko miaka yote, kwa sababu kila siku alinitumia zawadi ya shambani nami nikamuuliza amelalaje. Tarehe 31 Desemba 2020 gemu ikafungwa, shamba lote likapotea. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata kile nilichokilipia hakikuwa changu.

Salim_wa_Mtaani
Candy Crush iondoe kwenye orodha, mkuu. Si gemu mbaya, unapanga peremende za rangi moja zifutike, na inachezeka hata bila bando, ila kila mtu yuko peke yake. Ndugu yako unamwona picha tu kwenye ramani. Una roho tano, yaani nafasi za kushindwa, kila moja inarudi baada ya dakika 30. Zikiisha zote unangoja saa mbili na nusu, au unaomba kwa ndugu, au unalipa. Na ile ofa ya hatua tano za ziada inakuja wakati imebaki jeli moja tu ya kufuta na mkono unawasha. Pesa inakutoka hapo.

Kona_ya_Pool
8 Ball Pool naipenda sana, ila mnacheza wawili wawili, na kila meza ina kiingilio cha sarafu. Mama akifungwa mara nne mfululizo sarafu zimekwisha. Halafu fimbo nzuri zina nguvu zaidi na mstari mrefu wa kulengea, sasa mwenye pesa anamzidi mwenye ujuzi. Kwa familia, hapana.

Mama_Nuru
Kaka, Ludo King. Mama hana cha kufundishwa, ludo tumeikuta barazani. Unafungua chumba, unawatumia namba ya chumba, wanaingia. Upo pia ubao wa watu sita, nanyi na mama mko sita kamili. Kero yake ni matangazo, yanakula bando.

Ila chunga simu za watoto. Mwanangu wa miaka minane alinunua almasi kwenye gemu moja kwa kadi ya baba yake iliyokuwa imehifadhiwa kwenye simu. Shilingi 87,000 kwa siku tatu, na alidhani almasi ni za kuchezea tu. Nililia, na sikumpiga, maana kitufe chenyewe kimechorwa kama peremende. Ingia mipangilio ya Play Store, weka idai nywila kwa kila ununuzi. Fanya leo, usingoje.

Mtoto_wa_Chumbageni
Ahsanteni sana, na pole dada Mama_Nuru. Nywila nimeweka kwenye simu zote za nyumbani.

Jana Jumamosi tumecheza ludo, saa tatu usiku huku kwetu, saa nne Muscat, saa saba mchana Minneapolis. Dadu ilimpiga chenga mama mwanzoni, mpwa wangu akamshikia kidole. Simu nyingine tukaiweka spika tusikilizane. Zamu ya kaka wa Minneapolis ilipofika hakutupa. Mama alikuwa anamuuliza goti lake limefikia wapi, ndipo wengine tukajua kwamba alifanyiwa upasuaji mwezi uliopita. Mchezo wenyewe hatukuumaliza. Jumamosi ijayo saa ile ile.