Utafiti wa COPD: tukio la kuzidiwa lihesabiweje?

Mwandaaji: Habari wakuu. Tunaandika itifaki ya utafiti wa mwaka mmoja kwa wagonjwa wa COPD (ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa mapafuni), na tokeo kuu ni idadi ya mara mgonjwa anapozidiwa, yaani dalili zinapopanda kuliko kawaida yake. Timu imegawanyika. Wapo wanaotaka tuhesabu pale tu alipopewa antibayotiki au steroidi, au alipolazwa. Wengine wanataka shajara ya dalili ya kila siku. Kipi kinashika zaidi? Na tutajuaje kuwa hili ni tukio jipya, si lile lile ambalo halijaisha?

Pumzi_ndefu: Mkuu, kusanya vyote viwili, ila chagua kimoja kiwe tokeo kuu kabla hujaandikisha mshiriki wa kwanza.

Kuhesabu kwa matibabu ni rahisi kuhakiki: aliyetumia steroidi au antibayotiki nyumbani ni tukio la wastani, aliyelazwa ni tukio kali. Kasoro yake ni kwamba unapima pia mazoea ya madaktari na wepesi wa mgonjwa kwenda hospitali. Wagonjwa waliofuatiliwa kwa shajara London Mashariki walikuwa hawaripoti karibu nusu ya matukio yao.

Shajara ya EXACT, dodoso la dalili za COPD, ina maswali 14, alama 0 hadi 100, inajazwa kila jioni. Tukio huanza alama zikipanda 12 juu ya kawaida ya mgonjwa kwa siku 2 mfululizo, au 9 kwa siku 3. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni hiyo "kawaida". Ukiipima mgonjwa hajatulia, inakaa juu, na matukio madogo ya baadaye hayafikii kizingiti. Mpe angalau wiki 4 tangu alipozidiwa mara ya mwisho.

Kutenganisha matukio: kanuni inayotumika sana ni siku 7 kati ya dozi ya mwisho ya tiba ya kwanza na dozi ya kwanza ya inayofuata. Prednisoloni (steroidi) imeisha tarehe 10, antibayotiki imeanza tarehe 15: tukio moja. Ikianza tarehe 19: mawili. Hata hivyo mapafu hayafuati kalenda. Mtafiti Seemungal na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba siku ya 35 ni robo tatu tu ya matukio ambayo kasi ya juu ya kutoa pumzi ilikuwa imerudi ilikokuwa. Kwa hiyo andika tarehe zote, ili uweze kurudia hesabu kwa siku 14 uone kama jibu linabadilika.

Hesabu_safi: Naongezea upande wa takwimu, maana hapa tafiti nyingi huanguka. Usitafute kiwango cha kila mgonjwa kisha wastani wake. Aliyejitoa baada ya mwezi akiwa na tukio 1 anageuka kuwa mtu wa matukio 12 kwa mwaka, na anavuta kundi zima. Gawanya jumla ya matukio kwa jumla ya muda wa ufuatiliaji, kisha tumia modeli ya binomia hasi, inayoruhusu viwango kutofautiana kati ya wagonjwa. Modeli ya Poisson inachukulia wote wana kiwango kimoja, wakati utafiti wa COPD uitwao ECLIPSE (2010) ulionyesha wazi kuwa wapo wanaozidiwa mara kwa mara mwaka hadi mwaka.

Pia, ukichagua waliozidiwa mara 2 mwaka uliopita, matukio ya wengi yatapungua hata bila dawa. Bila kundi la ulinganisho huna utafiti.

Maabara_kifua: Msisahau kuthibitisha kuwa ni COPD yenyewe. Nimonia, moyo kushindwa na donge la damu mapafuni huleta pumzi kubana vile vile. Pendekezo la Roma la 2021, la wataalamu wa COPD, linasaidia kupanga ukali kwa vipimo: pumzi 24 kwa dakika au zaidi, mapigo 95 au zaidi, oksijeni chini ya 92%, CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe) 10 mg/L au zaidi, pamoja na alama za ugumu wa kupumua.

Damu ya kupima eosinofili (aina ya seli nyeupe) ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya steroidi, kwani steroidi huzishusha ndani ya saa chache. Makohozi yafike maabara ndani ya saa 2. Katika eneo moja linaloonekana kwa darubini ya ukuzaji mdogo, seli za mdomo ziwe chini ya 10 na seli nyeupe zaidi ya 25. Vinginevyo mnaotesha bakteria wa mate.

Mwandaaji: Asanteni sana. Na siku ambazo shajara haikujazwa?

Pumzi_ndefu: Usijaze sifuri, wala usibebe alama ya jana. Mtu huacha kujaza hasa anapobanwa. Zikipita siku 2 bila jibu apigiwe simu siku hiyo hiyo, na fomu iwe na nafasi ya sababu.